Kiko cha Bwana Msa na kiko cha bibi

Ukimnyang'anya Bwana Msa kiko chake, anabaki na nini? Akili anabaki nayo, sawa. Rafiki yake Najum yupo. Lakini kuna kitu kinapotea, na nimekuwa nikikitafuta tangu nilipoanza kuvisoma upya vitabu vya Muhammed Said Abdulla, jioni, baada ya kazi ya habari hapa Shinyanga. Jibu langu ni kwamba kinachopotea ni muda. Kiko kinampa mpelelezi ruhusa ya kukaa kimya kabla hajamtaja mtu. Nami naandika kutoka mahali ambapo watu, hasa vikongwe, wamekufa kwa sababu jina lilitajwa upesi mno.

Kwa asiyemjua, Bwana Msa ni mpelelezi wa Unguja, na jina lake limetokana na herufi za mwanzo za jina la mwandishi wake. Alianza safari na Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957/58 na kuchapishwa 1960. Kikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, halafu vingine hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Tazama majina ya hivyo viwili vya mwanzo. Mzimu, kisha Giningi, ambayo kwa watu wa Unguja ni makao ya wachawi. Abdulla anampeleka msomaji hadi kwenye mlango wa hofu anayoijua tangu utotoni, anamwacha atetemeke kidogo, kisha anamleta mtu mwenye kiko anayeuliza maswali ya kawaida kabisa. Nani alikuwa wapi? Nani alimwona nani? Nani ananufaika?

Watu wengi huishia kusema kwamba Msa ni Sherlock Holmes wa Unguja na kiko chake kimeazimwa London. Ni kweli, lakini mtu akiishia hapo hajasema kitu. Mimi huwa naangalia maisha ya mwandishi. Kabla ya kuingia kwenye uandishi wa habari mwaka 1948, Abdulla alifanya kazi idara ya afya ya umma kama mkaguzi, yaani bwana afya. Bwana afya akikuta mtaa mzima unaharisha hatafuti mchawi. Anatafuta kisima, halafu anapima hatua kutoka kisimani hadi chooni. Naona tabia hiyo ndiyo iliyoingia kwenye riwaya. Kiko kilitoka kwa Holmes, ila mwendo wa Msa ni wa mtu aliyezoea kuchungulia visima.

Na Holmes mwenyewe ana hadithi moja ambayo ningependa kila mwandishi wa habari wa Kanda ya Ziwa aisome. Inaitwa "The Yellow Face", ya Arthur Conan Doyle, ilitoka 1893. Mgeni amekuja, hakumkuta mpelelezi, akaondoka na kusahau kiko chake mezani. Holmes anakichukua na kuanza kukisoma. Ni kiko cha bei ya kawaida tu, lakini kimevunjika mara mbili na mara zote mbili kimefungwa bendi za fedha, na kila bendi inazidi bei ya kiko kipya. Basi mwenyewe anakipenda sana, kwani angeweza kununua kingine kwa hela ndogo zaidi. Kimeungua upande mmoja, kwa hiyo mwenyewe hukiwasha kwenye taa, na kwa kuangalia ni upande upi Holmes anajua kwamba mtu huyu anatumia mkono wa kushoto. Hapo Doyle amejibu swali ambalo wavutaji huulizana bure: kwa nini hiki na si kile? Kiko kinachopendwa kinatambulika kwa kutengenezwa kwake. Ukitaka kujua mtu anapenda nini, angalia ni kitu gani amekataa kukitupa.

Bibi yangu mzaa baba, wa upande wa Tinde, alikuwa na kiko cha namna hiyo. Kichwa chake kilikuwa cha udongo wa kufinyanga, cheusi tii kwa moshi, na mrija ulikuwa wa mti. Kilishapasuka mara mbili. Ufa wa kwanza ulifungwa waya wa shaba na fundi baiskeli wa mnadani, wa pili bibi aliufunga mwenyewe kwa kipande cha tyubu. Ukingo uliungua upande mmoja tu, kwa sababu alikiwasha kwa kaa la moto alilolichukua kwenye mafiga kwa vidole, siku zote kwa mkono uleule. Mwisho wa mrija ulikuwa na alama za meno upande wa kushoto, upande ambao meno yalikuwa yamebaki. Baba alimnunulia kingine cha dukani, kutoka Mwanza, kinang'aa. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakitundika ukutani.

"Hicho kitakuwa cha wageni, mwanangu," alimwambia. "Hiki kinanijua."

Sisifii tumbaku. Inaua, na pale Kahama wapo wanaoilima kwa jasho huku wakijua hivyo. Ninachosema ni kwamba Holmes angepewa kiko kile kwa dakika tano, angetueleza mwanamke mvumilivu, mbahili kwa sababu nzuri, mwenye vidole vilivyozoea moto, anayekaa jikoni saa nyingi. Majirani walikuwa na ushahidi uleule mbele yao miaka yote. Wao waliangalia macho.

Siku baba mdogo alipokuja kumwomba aache kuvutia nje, walikuwa wawili tu na mimi niliyekuwa nachambua mboga pembeni.

"Mayu, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Macho. Yamekuwa mekundu sana."

Bibi alitoa kiko mdomoni. "Wamewahi kuja kupika jikoni kwangu?"

Baba mdogo hakujibu. Kabla ya mavuno bibi alihamishiwa mjini, na kiko chake kikaja naye ndani ya ungo.

Msomaji wa mbali anaweza kuona huo ni woga wa familia moja. Hapana. Usukumani macho mekundu ya mwanamke mzee yamechukuliwa kama hati ya hukumu kwa miongo mingi, na ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeyaandika mauaji ya vikongwe mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana swali la bibi lilikuwa swali la kipelelezi. Ukilifuata, linakupeleka mbali. Macho ni mekundu kwa sababu ya moshi. Moshi ni mwingi kwa sababu mama anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na miti ya pamba iliyovunwa, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Anapikia hivyo kwa sababu kuni hakuna. Kuni hazipo kwa sababu pori la Shinyanga lilifyekwa, na kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni yenyewe iliongoza ufyekaji mkubwa ili kuwaondoa mbung'o. Yakaongezeka mashamba ya pamba na mifugo. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kuwarudisha watu kwenye ngitili zao ili miti iote tena.

Kwa hiyo ukiwauliza mashahidi wote kwa zamu, aliyeyafanya macho ya bibi kuwa mekundu ni mlolongo mrefu: mbung'o, shoka, pamba, kinyesi cha ng'ombe, jiko lisilo na dirisha. Bwana Msa angevuta viko vitatu kufika mwisho wa mlolongo huo. Mtu wa ramli hahitaji hata kimoja.

Hapa ndipo naona riwaya hizi zinagusa maisha yetu kuliko tunavyozipa heshima. Ramli chonganishi na upelelezi vinaanza na swali lilelile: nani? Ila ramli inajibu hapohapo, na hilo jibu la haraka ndilo bidhaa inayouzwa. Ukienda maeneo ya wachimbaji wadogo kule Geita, iwe Mgusu au Nyarugusu, utasikia mantiki hiyo ikizungumzwa kwa lugha ya machimbo. Duara limetema kwa jirani, lako limekauka. Mwamba hauna maelezo, hesabu ya mkopo inazo, na mtu aliyekaa chini mita nyingi kwa miezi anataka kuambiwa sababu yenye jina na uso. Namwelewa. Shida ni kwamba jina likishatoka halirudi, na mara nyingi ni la mtu asiye na wa kumtetea.

Na tusidhani ni wanakijiji peke yao wanaokosa subira. Mwaka 1976, mwaka uleule Abdulla alipotoa Mwana wa Yungi Hulewa, vyombo vya dola vilifanya operesheni Shinyanga na Mwanza kuwasaka waliohusishwa na mauaji hayo. Watuhumiwa waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa waliowakamata. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa ajili hiyo. Tunapenda kukumbuka uungwana wa kujiuzulu kule, na ni haki. Tukumbuke pia kilichotangulia: watu waliotumwa kutafuta ukweli walitaka majina, wakayakamua. Ile nayo ilikuwa ramli, imevaa sare.

Sasa nirudi kwenye "The Yellow Face", kwa sababu nimekusimulia nusu tu. Holmes alikisoma kiko sawasawa, lakini kesi yenyewe akaikosea kabisa. Mwenye kiko alikuwa na mke aliyekuwa akienda kwa siri kwenye nyumba ya jirani, ambako uso wa ajabu ulionekana dirishani. Holmes akakata shauri kwamba mwanamke anatishwa na mume wa zamani. Walipoingia ndani wakakuta mtoto mdogo aliyevishwa kinyago. Alikuwa binti wa mke yule kwa mumewe wa kwanza, mwanasheria mweusi wa Atlanta aliyekwishafariki, naye mama alikuwa akimficha mtoto kwa kuogopa kumpoteza mume wake mpya. Mume akasimama kimya kwa muda, kisha akambeba mtoto na kumpa mama mkono. Holmes akamwagiza rafiki yake amkumbushe kesi ile siku atakapojiona anajua sana.

Mimi huipenda hadithi hii kuliko zile anazoshinda. Mpelelezi bora wa vitabu alimdhania vibaya mwanamke mwenye siri ndani ya nyumba, lakini hakuna aliyekufa. Kwa nini? Kwa sababu walikwenda kuangalia. Walifungua mlango kabla ya kuhukumu. Kiko hakimfanyi mtu asikosee. Kinamchelewesha, na katika ucheleweshaji huo kosa linapata nafasi ya kugunduliwa.

Nina lawama moja kwa Abdulla hata hivyo. Kiko katika mkono wa Msa ni alama ya akili. Tunamwona bwana ameketi, anafikiri, tunanyamaza. Kiko kilekile katika mkono wa kikongwe wa Usukumani kinasomeka kama ushamba, au kitu kibaya zaidi. Riwaya hizi hazikuumba tofauti hiyo, ila zimetuzoesha kuamini kwamba anayevuta na kufikiri ni mwanaume. Wakati Burton alipopita Unyamwezi mwaka 1857 aliwakuta wanawake wa kijiji, wazee kwa wasichana, wamekaa pamoja jioni kwenye vigoda wakivuta viko vyeusi na kuzungumza. Hiyo ni miaka thelathini kabla Holmes hajatokea kwenye karatasi. Basi wenye kiko cha zamani hasa katika hadithi hii ni wao, na hakuna aliyeandika walichokuwa wakikijadili.

Baada ya Msa mashujaa wetu walikimbia zaidi. Willy Gamba wa Musiba ana bastola, na ukurasa hauishi bila mtu kufukuzwa. Nilimpenda na bado nampenda. Lakini riwaya ya kukimbia haiwezi kufanya kazi aliyoifanya bwana afya wa Unguja: kumweka msomaji mbele ya mzimu na kumzuia asitaje jina. Anayetaka kuanza aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, na asome polepole. Nimempa kitabu hicho kijana mmoja wa dawati letu la habari, ambaye wiki iliyopita aliniletea taarifa ya kikongwe aliyevunjiwa nyumba, yenye kichwa kinachomwita "anayedaiwa kuwa mchawi". Nilimuuliza, anayedaiwa na nani? Akarudi kwenye simu. Taarifa ilitoka siku mbili baadaye, ikiwa na jina la mwenye kugombania shamba lake.