Njia ya Miguu Isiyo na Hati

Voi ni mji wa kupitiwa. Reli ya kale, barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, bomba la maji ya Mzima lililolazwa miaka ya 1950, bomba la mafuta lililoanza kazi 1978, nyaya za umeme mkubwa na, tangu 2017, reli ya SGR: vyote hukatiza mjini au jirani yake, na kila kimoja kina ukanda uliopimwa, ramani yake, na ofisi inayokuja mbio ukijenga juu yake. Vyote huelekea upande mmoja, pwani na bara. Anayekwenda kinyume chake, akishuka kilima cha Sagalla kwenda sokoni au akipeleka ng'ombe majini, hupita njia ya miguu ambayo aghalabu haimo katika karatasi yoyote. Njia hizo ni kongwe kuliko reli. Johannes Rebmann alipopita Taita mwaka 1848 akielekea Kilimanjaro hakufungua njia, alifuata zilizokuwapo. Nafasi ya kupita nayo imebanwa, kwa kuwa tangu 1948 mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya eneo ambalo leo ni Kaunti ya Taita Taveta, kisha mashamba makubwa ya mkonge na ranchi zikagawana sehemu kubwa ya uwanda uliosalia. Kazi ya kufyeka na kukarabati njia huachiwa wanakijiji wanaojitolea, na wengi huamini kwamba njia inayotunzwa haiwezi kupotea. Inaweza, tena kirahisi. Jasho lisiloacha ushahidi humfaa apitaye leo tu, na kujitolea huilinda njia pale tu kazi inapofanywa kwa namna itakayosomeka mbele ya msajili na hakimu.

Hata ufundi wenyewe wa kutunza njia una sheria iliyojificha ndani yake. Adui mkubwa wa njia milimani ni maji kuliko magugu. Miteremko ya Taita ni mikali, mvua hunyesha kwa kishindo, na njia iliyonyooka kushuka mlima hugeuka mfereji: msimu mmoja huchimba mfuo wa upana wa kiatu, misimu kadhaa baadaye ni korongo. Dawa yake inajulikana, na gharama yake ni mgongo tu. Mawe bapa huzikwa wima, sehemu kubwa ya jiwe ikiwa ndani ya udongo, yakapangwa mshazari kuvuka njia, na ncha ya chini ya safu ikatokeza nje ya ukingo ili maji yamwagike kwenye nyasi. Mteremko unapozidi ukali, safu hukaribiana. Safu ikikata njia moja kwa moja bila mshazari, maji hutuama nyuma ya mawe, tope hujaa, na mpitaji hukwepa pembeni. Kukwepa huko ndiko kunakoiua njia. Wapitaji hukanyaga shamba la jirani, mstari mpya huzaliwa, na haki inayotokana na matumizi ya muda mrefu hushikamana na mstari wala haiwafuati watu. Miaka 30 ya kupita upande wa juu wa mwembe haimsaidii sana anayedai upande wa chini. Kwa hiyo safu ya mawe iliyowekwa vyema hukinga maji na hukinga dai pia.

Dai lenyewe lina milango mitatu kisheria, na ni rahisi kubisha usio wako. Wa kwanza umo katika sheria ya Kenya inayoweka ukomo wa muda wa kufungua mashauri, Sura ya 22. Kifungu cha 32 kinasema kwamba aliyepita juu ya ardhi ya mwenzake kwa miaka 20, kwa amani, waziwazi, bila kukatizwa na kama mwenye haki, haki hiyo imekuwa yake. Inavutia, lakini ina mitego. Haki hiyo hunufaisha shamba la anayedai: mwenye boma la nyuma atapata njia ya kutokea, lakini mchuuzi anayepita kwenda sokoni hapati kitu. Kifungu cha 41 nacho kinaitoa ardhi ya serikali, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai njia ndani ya mbuga kwa kuhesabu miaka. Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko katika adabu zetu. Mtu muungwana akipita katikati ya boma la watu hupiga hodi, huomba njia, na mwenyeji hujibu kwamba pita tu. Kwa jirani huo ni utu. Kwa mwanasheria ni ruhusa, na apitaye kwa ruhusa hapiti kama mwenye haki. Miaka yake 20 haijaanza hata kuhesabiwa. Sisemi watu waache kuamkiana. Nasema kikundi kinachotegemea mlango huu kinapaswa kujua tofauti kati ya kumsalimu mwenye shamba na kumwomba, kwa sababu wakili wa upande wa pili atawauliza mashahidi hilo kabla ya lolote lingine.

Mlango wa pili ni Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ambayo kifungu chake cha 28 kinataja haki zinazoifunga ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye daftari la usajili, zikiwemo haki za njia zilizokuwapo wakati ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa maneno mengine, kutokuwamo kwenye hati miliki hakumaanishi kufa. Ila mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa anayedai, na hapo ndipo kazi ya kujitolea inapohitaji kubadilika sura. Ushahidi wa wazee ni wa thamani, lakini wazee hufa, na kiapo cha mtu wa miaka 80 juu ya mkondo wa njia ya utotoni mwake hupingwa na kiapo cha mzee mwingine. Kuna mashahidi wasiozeeka. Ramani za Idara ya Upimaji za kipimo cha 1:50,000 huonyesha vijia kwa mistari iliyokatika-katika. Milima ya Taita ilipigwa picha za angani mwaka 1955, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, chenye kituo chake Wundanyi, walizilinganisha na picha za 2004 wakaonyesha kwamba nusu ya msitu wa asili ilikuwa imetoweka. Picha inayoweza kuonyesha ukingo wa msitu uliokufa inaweza, pale penye uwazi wa kutosha, kuonyesha mstari mweupe wa njia. Juu ya hayo kiwekwe kitabu cha kazi cha kikundi: tarehe, mahali kazi ilipoanzia na kuishia, waliofika na saini zao, picha ya kabla na ya baada, na mkondo uliorekodiwa kwa simu. Kitabu kama hicho kikitunzwa tangu leo, baada ya miaka kadhaa ni hoja ngumu kuipangua.

Kwamba matumizi yaliyorekodiwa huwa na nguvu, Tsavo yenyewe imeonyesha. SGR ilipokuwa ikijengwa, tuta lake likitishia kuzikata njia za tembo, mapito maalumu ya wanyama yaliwekwa chini yake. Na mwaka 2016 shirika la Save the Elephants pamoja na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) waliwavisha tembo 10 kola za kufuatilia ili ijulikane wanavukia wapi. Tembo wa Tsavo leo ana kumbukumbu ya mapito yake iliyo bora kuliko ya mchungaji wa Maungu. Uingereza nako jambo hili lilieleweka mapema. Sheria ya mwaka 1949 iliyalazimu mabaraza ya kaunti za Uingereza na Wales kuchora ramani rasmi ya njia za umma, na iliyofuata ya 2000 ikaweka kikomo cha 2026, kilichokuja kusogezwa, cha kuingiza njia za kale zilizosahaulika. Wapenda njia wa huko wakajikuta wakikesha katika nyaraka za zamani kama walivyokesha na makoleo.

Pingamizi ni kadhaa, na si za kupuuzwa. Mwenye ploti ndogo kule Wundanyi atasema kwamba Katiba, ibara ya 40, inamlindia mali yake, na mita moja ya njia kwake ni matuta mawili ya mahindi. Ana haki ya kulalamika. Lakini dai lisiloandikwa halimwondolei mzigo. Linamning'inizia tu, bila upana wala kikomo. Njia iliyosajiliwa humbana mpitaji pia: itasema ni mita ngapi, inapita mpaka upi, na kama ni ya miguu na mifugo tu au hata bodaboda, ambao wakiachiwa hugeuza kijia kuwa barabara kwa msimu mmoja. Wengine huogopa wezi wa mifugo na tembo. Hofu ya tembo ni ya kweli, lakini jibu lake si kufunga njia kwa seng'enge. Sagalla kwenyewe, mashamba yamezungushiwa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, ua unaomkimbiza tembo na unaoweza kuachiwa mwanya wa mtu kupita.

Pingamizi linalonipa shida zaidi ni kwamba kutunza njia ni kazi ya kaunti, na wanaojitolea wanaisamehe serikali deni lake. Historia inawaunga mkono wanaonung'unika. Chini ya sheria ya kikoloni ya mamlaka ya wenyeji, ya 1912, wazee wa serikali waliweza kuwaamuru watu kufanya kazi za jamii bila malipo, njia na barabara zikiwemo, hadi siku 24 kwa mwaka. Anayesikia tangazo la baraza la kutoka na jembe ana sababu ya kuuliza linatoka wapi. Hata hivyo hapa pana silaha iliyosahaulika: njia iliyofunguliwa kwa amri ya serikali na jasho la kijiji kizima ni vigumu kuiita kijia cha kibinafsi, na kumbukumbu za wilaya za enzi hizo zinastahili kupekuliwa kwa jicho hilo. Wapo pia wanaoonya kwamba kudai karatasi humwamsha jirani aliyelala, akaweka ua kesho yake. Wana haki nusu, na ndiyo maana utaratibu una maana: ushahidi ukusanywe kwanza, mwenye shamba aonwe baadaye, na akikubali, makubaliano yasajiliwe papo hapo.

Asipokubali, unabaki mlango wa tatu, ambao ndio hasa wa umma. Sheria ya Ardhi ya 2012, kuanzia kifungu cha 143, inaipa Tume ya Taifa ya Ardhi uwezo wa kuunda haki ya njia kwa manufaa ya umma, na ombi laweza kupelekwa na serikali ya kaunti, na chama, au na kundi lolote la watu. Vikundi vitafurahi kusoma hivyo na kutaka kuomba wenyewe. Wasome kwanza kifungu cha 148: mwenye ardhi hulipwa fidia, na wajibu wa kulipa unawekwa kwa idara ya serikali, kaunti, mamlaka ya umma au shirika lililoomba. Kikundi kilichojisajili kama shirika kikiomba peke yake kinaweza kujikuta kikidaiwa fidia kisiyokuwa nayo. Kisicho shirika kitaacha swali la nani alipe likielea, na ombi likae mezani. Kwa hiyo jalada lenye ramani, picha, kitabu cha kazi na viapo lipelekwe kwa mwakilishi wadi kabla ya bajeti ya kaunti kusomwa, na jina la mwombaji juu ya fomu liwe la kaunti.