Tela la Kuwa Maskani: Uchaguzi Uanzie Chini
Mtu aliyeazimu kukaa peke yake Morotonga, katika Wilaya ya Serengeti, tena kwa miaka, akatafuta tela la kuwa maskani yake, aghalabu hulikagua kwa ndani, atazame kitanda, jiko na kabati. Nami nashikilia kwamba ukaguzi sahihi huanzia chini, penye chesisi, ekseli na tairi, maadamu kabati hutengenezwa na seremala yeyote, ilhali ekseli ikivunjika nyikani humwacha bila nyumba wala msaidizi.

Mfano wa kuzingatia tunao katika nyika hiyo hiyo. Hugo van Lawick, Mholanzi mpiga filamu aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2002, alikaa miaka mingi kambini Ndutu, kusini mwa Serengeti, akifanya mahema kuwa makazi na gari kuwa chombo cha kazi. Yaani alitenganisha kinachokaa na kinachokwenda. Kwa kufuata kanuni hiyo, tela la mtu mmoja litoshe kulala na kuhifadhi vitu vya thamani, na jiko na baraza viwe nje chini ya turubai, ili magurudumu yasichukue mzigo usio wa lazima.

Mzigo ulio wa lazima ni maji. Atumiaye lita 20 kwa siku, akitaka akiba ya siku kumi, hubeba kilo 200. Basi tela lenye uzito wa kilo 550 likiwa tupu hufikia kwa maji peke yake kilo 750, ambazo huko Ulaya ndizo mpaka wa tela lisilo na breki zake lenyewe. Vitu vingine vikiongezwa, mpaka huo hupitwa; kwa hiyo breki ni sharti. Kadhalika tangi liwe chini, karibu na ekseli, kwani likiwekwa nyuma, kila linapojazwa huinua mkono wa kukokotea, na tela ambalo halielemei ndoano kwa takriban asilimia 10 ya uzito wake huweza kuyumba barabarani.

Kisha ipo ardhi. Mvua za vuli na za masika huugeuza udongo mweusi wa mfinyanzi kuwa utelezi unaonata, na hapo hufaa tairi na ringi zilizo sawa na za gari likokotalo, ili tairi moja ya akiba ihudumie vyombo vyote viwili, na magurudumu ya tela yapite katika nyayo za gari. Chesisi iwe ya chuma, kwa kuwa chuma huchomelewa katika gereji za kawaida, ilhali alumini hutaka mitambo na ustadi wa pekee. Tela likiisha kutua, liinuliwe juu ya nguzo imara, na tairi zifunikwe zisipasuliwe na jua.

Juu ya tela liwekwe paa la pili, lenye nafasi ya kupitisha hewa, ambalo hukinga joto la mchana. Na kwa kuwa mahali hapa ni nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, paneli za sola hulazwa karibu bapa, zikiinamishwa kidogo tu ili mvua iondoe vumbi.

Alhasili, tela lifaalo ni dogo, la ekseli moja, lenye breki na chesisi ya chuma. Na kabla ya kulilipia, mnunuzi alijaze maji na mizigo yote, alipeleke kwenye mizani ya magari, kisha alale chini yake na tochi.