Ankara Inayotoka Namanyere

Mwenye mashine ya kusaga mahindi Namanyere akitaka kulipia leseni ya biashara, hampelekei fedha taslimu mhasibu wa Halmashauri ya Wilaya ya Nkasi. Anapewa namba ya malipo yenye tarakimu 12, inayoanza na 99, anakwenda kwa wakala wa simu au wa benki, analipa, na mfumo wa halmashauri unapata taarifa. Nyuma ya kitendo hicho kuna mifumo isiyopungua mitatu ya wamiliki tofauti, na hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kuchungulia hifadhidata ya mwenzake. Inaelewana kwa ujumbe tu.

Katikati yake ipo GePG, mfumo wa malipo ya serikali wa Wizara ya Fedha ya Tanzania ulioanza kutumika mwaka 2017. Wengi huusifu kwa kuziba mianya ya mapato. Kwangu sifa yake kubwa ni kwamba ujumbe wake ulipangwa kana kwamba mtandao utakatika wakati wowote, na kwa mji ulio juu ya uwanda wa Ufipa, mbali na Dar es Salaam na Dodoma, hilo ndilo linaloamua kama huduma ipo au haipo.

Tuanze na hesabu ya viunganisho. Tuseme kuna taasisi 300 zinazotoza fedha, na benki na kampuni za simu 30 zinazopokea. Kila taasisi ikijiunga na kila mpokeaji moja kwa moja, vinahitajika viunganisho 9,000, na kila kimoja kinahitaji mtu wa kukitunza. Wote wakipitia kituo kimoja, vinatosha 330. Halmashauri ya Nkasi haiwezi kuajiri wataalamu wa kufuatilia mabadiliko ya benki 30. Inaweza kufuata mkataba mmoja wa ujumbe, basi.

Lakini kituo peke yake si ufundi mkubwa. Ufundi umo katika mpangilio wa ombi na jibu. Mfumo wa halmashauri unapotuma ankara, hausubiri namba ya malipo kwenye laini ileile. Unajibiwa papo hapo neno moja tu: ankara imepokelewa, au imekataliwa kwa sababu hii. Laini inafungwa. Baadaye GePG yenyewe ndiyo inayoupigia hodi mfumo wa halmashauri na kuukabidhi namba, na safari hii halmashauri ndiyo inayokiri kupokea. Ni kama barua ya rejista posta: karatasi ya kupokelewa unaipata dirishani, jibu litakuja siku yake.

Laiti wangechagua njia nyepesi, ya kuuliza na kungoja laini ikiwa wazi, kila mtandao unapoyumba kungebaki ankara isiyojulikana iliko: je, ilifika na jibu likapotea, au haikufika kabisa? Mtu aliye kaunta hana namna ya kujua. Kwa njia ya hati ya kupokea, mtumaji asiyekiriwa ana haki ya kutuma tena. Na hapo ndipo lilipo sharti ambalo waandishi wengi wa programu hulipuuza: mpokeaji lazima autambue ujumbe aliokwisha kuupata. Kila ankara ina kitambulisho chake kutoka kwa mtozaji, kila muamala una chake kutoka kwa mpokea fedha. Taarifa ya malipo ikifika mara ya pili, mfumo uliosanifiwa vizuri unakiri tena kwa adabu na hauandiki chochote kipya katika daftari. Usioangalia kitambulisho utaandika leseni moja kuwa imelipwa mara mbili, na hesabu za mwisho wa mwezi zitakuwa balaa.

Ujumbe wenyewe ni XML, maandishi yenye vitambulisho vya kila kipengele, yenye saini ya kidijitali. Saini hukokotolewa juu ya maandishi yaleyale yanayotumwa, hivyo nafasi moja tupu ikiongezwa na maktaba ya programu baada ya kusaini, ujumbe unakataliwa. Watengenezaji hulalamikia ukali huo. Mimi nausimamia, maana fedha ni za umma.

Zaidi ya hapo kuna usuluhishi wa hesabu. Mfumo wa taasisi unaomba orodha ya miamala ya siku iliyopita na kuilinganisha na kumbukumbu zake. Malipo ambayo taarifa yake ilipotea njiani yanaonekana hapa, ilimradi kuna aliyeandika programu ya kuomba na kulinganisha.

Kuhusu namna ya kusafirisha ujumbe kama huo, mwaka 2000 ulizaa mapendekezo mawili yaliyogawa mafundi wa huduma za wavuti hadi leo. SOAP 1.1, itifaki ya ujumbe wa XML, iliwasilishwa kwa W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwezi Mei, na Roy Fielding akatetea REST, mtindo wa usanifu wa wavuti, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha California, Irvine. Mabishano ya ipi bora yamekula muda mwingi. GePG inapeleka XML kwa ombi la kawaida la HTTP, bila kujifunga na kambi yoyote, na haikupungukiwa kitu.

Swali zito zaidi ni la kituo. Kikizimika, kila kaunta nchini imezimika. Estonia ilizindua X-Road, mfumo wa taasisi kubadilishana taarifa, mwaka 2001 kwa mpango mwingine: kila taasisi ina seva yake ya usalama, zinapeana taarifa moja kwa moja, na kinachokaa katikati ni rejista ya wanachama tu. Kwetu, Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya 2019, imejenga GovESB, mfumo wa kuunganisha mifumo ya serikali, na taarifa hupita katikati. Kwa malipo naona kituo ni sahihi, kwani Hazina inahitaji kuona kila senti mahali pamoja. Kwa kuhakiki jina la mtu au namba ya kiwanja, ningependelea njia ya Estonia.

Udhaifu mkubwa uliobaki uko huku mwisho, kwenye mageti ya ushuru wa mazao. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimewahi kutaja mashine za POS, za kukusanyia mapato, za halmashauri zilizokaa muda mrefu nje ya mtandao huku zikiendelea kukusanya. Kuzipiga marufuku kufanya kazi bila mtandao hakufai. Lori la mahindi halitasubiri mawimbi yarudi. Mashine iandike kila stakabadhi kwenye foleni yake ya ndani kwa kitambulisho kisichojirudia, iwekewe kikomo cha fedha na cha saa, na kikomo kikifika ijifunge mpaka foleni ipokelewe na kukiriwa. Kikomo hicho kipangwe kwa kila geti kulingana na hali ya mtandao wa eneo lake: geti la barabara ya kwenda Kirando lisipewe saa sawa na la Sumbawanga mjini.