Zilizopendwa na Nani? Utamu na Kumbukumbu katika Mikusanyiko ya Nyimbo za Zamani Mpakani Kehancha

Mji wa Kehancha, katika Kaunti ya Migori, uko karibu sana na mpaka wa Kenya na Tanzania, hivi kwamba msikilizaji wa redio hukutana na majina mawili ya kitu kimoja. Wakenya huziita nyimbo za zamani "zilizopendwa". Watanzania husema "zilipendwa". Tofauti ni ya silabi moja, lakini kisarufi si ndogo. "Zilipendwa" ni sentensi kamili: inatoa habari, na habari yenyewe imekwisha. "Zilizopendwa" ni kishazi tegemezi kilichogeuzwa jina: kinateua baadhi ya nyimbo na kuzitenga na nyingine. Hata hivyo, majina yote mawili yako katika kauli ya kutendwa, na yote mawili yamemficha mtenda. Nyimbo hizo zilipendwa na nani? Na ni nani aliyeamua kwamba ndizo hizo? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuuchukulia mkusanyiko wa nyimbo kama matini, kwa namna ile ile mhakiki anavyoichunguza diwani ya mashairi.

Swali hili lina uzito kwa sababu nyingi za nyimbo zinazohusika ni nyepesi. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, muziki wa aina hii ulipewa jina la chingamu: hutafunwa hadi utamu uishe, kisha hutemwa. Mfano wake mashuhuri ni "Sugar, Sugar" wa mwaka 1969, uliotolewa kwa jina la The Archies, bendi ya vibonzo. Afrika Mashariki nayo haikuwa mbali na mkondo huo. "Helule Helule" wa Daudi Kabaka ulirekodiwa upya na kundi la Uingereza la The Tremeloes mwaka 1968, na "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, uliotoka mwaka 1982, ulichukuliwa na Boney M. mwaka uliofuata. Uhakiki wa Kiswahili una istilahi iliyo tayari kwa kazi za namna hii: pendwa. Riwaya ya mapenzi au ya upelelezi ikiitwa pendwa, mara nyingi huwa imekwisha kushushwa daraja. Lakini wimbo ule ule uliodharauliwa ulipokuwa mpya hupanda hadhi ukiitwa zilizopendwa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika mikusanyiko hii, kinyemi ni kikuukuu.

Kinachoongezeka hapo ni nini, ilhali maneno ya wimbo hayakubadilika? Jibu la kwanza limo katika wepesi wenyewe. Wimbo mzito huja na mahali pake, wahusika wake na hoja yake; msikilizaji huingia humo kama mgeni. Wimbo mwepesi una maneno machache, kiitikio kinachorudiwa na mpenzi asiye na sura. Ni nyumba isiyo na samani, na kila apitaye huhamia na vyombo vyake: harusi, safari ya kwanza ya basi, jina la mtu aliyekwisha kufariki. Baada ya miaka 40, kinachosikika si wimbo peke yake bali pia maisha yaliyohifadhiwa ndani yake. Mhakiki hana budi kuvitenganisha vitu hivi viwili. Machozi ya msikilizaji ni ya kweli, lakini si ushahidi kwamba wimbo ni bora.

Jibu la pili linatokana na mahali. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa Wakuria, ambao jamaa zao wako pande zote mbili, huo haukuwa mzozo wa serikali peke yake. Lakini mawimbi ya redio hayakuulizwa hati ya kusafiria. Hivyo wimbo wa mapenzi kutoka Dar es Salaam au Morogoro, hata kama hauna neno moja la siasa, unaweza kubeba Kehancha maana ambayo mtunzi hakuikusudia: kwamba upande wa pili ulikuwa ungalipo.

Mfano mwafaka ni Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa mwezi Januari 1979, mpaka ukiwa bado umefungwa. Baada ya kifo chake kampuni ya Polygram ya Nairobi ilitoa mfululizo wa santuri zenye nyimbo zake kwa jina la "Ukumbusho". Jina hilo lina maadili yanayokosekana katika "zilizopendwa". Limetokana na kitenzi kumbusha, kilicho katika kauli ya kutendesha, nacho hudai mtenda: yuko anayekumbusha, yuko anayekumbushwa, na yuko marehemu ambaye jina lake liko juu ya jalada.

Mikusanyiko mingi inayoenea siku hizi kwa flashi na simu imeuacha uadilifu huo. Madijei huunganisha viitikio ishirini katika mkondo mmoja, bila jina la mtunzi, bendi wala mwaka. Beti zinazosimulia kisa hukatwa, utamu ukabaki. Hasara yake haiishii kwenye fani. "Shauri Yako" hukumbukwa na wengi kama wimbo wa Super Mazembe, ilhali mtunzi wake ni Nguashi Ntimbo. Na mgogoro kuhusu mtunzi wa "Malaika" ulidumu kwa miongo mingi huku wimbo ukizunguka dunia. Diwani isiyotaja washairi ingekataliwa na mhariri yeyote. Mkusanyiko wa nyimbo unastahili kipimo hicho hicho, maana jina likipotea, haki ya mtunzi na ya warithi wake hupotea pamoja nalo.

Lipo pengo jingine, na hili linaigusa Kehancha moja kwa moja. Iritungu, zeze la nyuzi nane la Wakuria, na nyimbo za Kikuria ziimbwazo nalo, si sehemu ya kile kinachouzwa kama zilizopendwa. Inaweza kujibiwa kwamba Kiswahili ndicho kilichozivusha nyimbo mpaka, na jibu hilo ni la haki. Bila Kiswahili, Kehancha, Morogoro na Nairobi zisingekuwa na kumbukumbu ya pamoja. Lakini kijana anayeujua ujana wa babu yake kwa mikusanyiko hiyo tu ataamini kwamba babu alicheza twisti pekee.

Kwa kuhitimisha, mvuto wa mikusanyiko hii si wa kubezwa. Chingamu iliyotemwa haiokotwi. Nyimbo hizi zimeokotwa, na kwa sababu zenye uzito. Kinachopaswa kuhakikiwa ni mkono ulioziokota. Mkusanyaji anayeandika jina la mtunzi, la bendi na mwaka, na kuziacha beti zikamilike, huwakumbusha watu. Asiyefanya hivyo huwauzia utamu wa maisha yao wenyewe, na kuwanyima watunzi sehemu yao.