Ufundi Usiojiamini

Abiria wa Cessna 172 huona mabawa, huona pangaboi, humwona rubani na miwani yake. Nyaya hazioni. Zimepita chini ya sakafu na ndani ya mabawa, juu ya makapi, kutoka kwenye usukani hadi kwenye vibawa vinavyoigeuza ndege. Waya wenyewe ni mwembamba kuliko penseli, msokoto wa kamba saba zenye nyuzi 19 kila moja. Hizo ni nyuzi 133, na fundi anazishuku zote.

Huanza na kitambaa. Hukizungushia waya na kukivuta polepole, hasa panapopita kapi, maana uzi uliokatika hunasa pamba kabla ya kuonwa na jicho. Penye shaka, waya hulegezwa na kukunjwa, kwani mkato wa ndani hujificha waya ukinyooka. Ndege zitokazo Maasai Mara hurudi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na vumbi linalosaga makapi. Zitokazo Lamu huja na chumvi. Wapo wanaoulowesha waya kwa petroli wakidhani ni usafi, kumbe wanatoa mafuta ya ndani na kukaribisha kutu.

Kisha kukaza. Waya uliolegea huchelewesha mkono wa rubani, hata kuchomoka kwenye kapi. Uliokazwa mno huufanya usukani uwe mzito na kula beringi. Kwa vibawa vya pembeni vya Cessna 172, mvuto ni pauni 40, zaidi au pungufu kwa 10, kwa joto la wastani la mahali. Joto lina neno hapa: bodi ya aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo jua hukaza waya bila mtu kuugusa. Mkono wa mzee wa kazi hujua mvuto kwa kubonyeza tu. Hata hivyo huchukua kipimo, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte, Marekani, Beechcraft 1900 ilianguka ikipaa, wakafa wote 21 waliokuwamo. Nyaya za mkia zilikuwa zimerekebishwa siku chache kabla, na ndege ikaruka mara tisa bila kasoro kujitokeza, mpaka ilipobeba mzigo mzito uliolemea nyuma. Hatua kadhaa za kitabu cha matengenezo zilirukwa. Mkaguzi ndiye aliyekuwa akimfundisha fundi kazi hiyo, na ndiye aliyekubali zirukwe.

Ndiyo maana fundi mzuri, akishamaliza, humwita mwenzake ambaye hakugusa kitu aje amtafutie kosa. Usukani ukizungushwa kulia, kibawa cha kulia sharti kiinuke. Wengine hukasirika kukaguliwa. Hao wakatafute kazi nyingine.

Basi ndugu msafiri, ukiambiwa ndege imechelewa kwa kuwa fundi wa pili hajatia sahihi, usimpigie mtu kelele. Agiza chai, usubiri.