Mzimu, Mzuka au Mwalimu? Juu ya Wafu Wafundishao katika Filamu za Star Wars

Miezi michache iliyopita iliwekwa mezani petu orodha ya maneno kumi na manane. Aliyeileta ni kijana wa Temeke ambaye riziki yake ni kuingiza sauti ya Kiswahili katika filamu za kigeni, na alitaka tumpatie istilahi zitakazoweza kusimama mbele ya watazamaji bila ya kuzomewa. Mengi ya maneno hayo hayakutusumbua. Chombo cha angani ni chombo cha angani, na upanga wa mwanga haukuhitaji kikao. Ile nguvu iliyoenea katika vitu vyote, ambayo mashujaa wa hadithi huichota, tuliipendekezea neno kani, kama wafanyavyo walimu wa fizikia. Vibandani wanaiita Nguvu, wala hatuna ugomvi nao. Lakini neno la tisa limetugawa hadi leo. Yule mzee aliyekwisha kuuawa, kisha akarudi kumfundisha mwanafunzi wake, aitweje? Kijana mwenyewe alikuwa ameandika mzuka, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, akaongeza: "Watu wanacheka."

Makala haya yanakihusu kicheko hicho. Tunaamini kwamba watazamaji walikuwa na haki ya kucheka, na kwamba walichokikataa ni kosa ambalo sisi wa istilahi hulifanya mara nyingi kuliko tupendavyo kukiri.

Kwa faida ya wasomaji wasiozijua filamu hizi, tuseme kwa ufupi. Mfululizo wa Star Wars ulianzishwa na George Lucas mwaka 1977. Katika filamu ya kwanza Obi-Wan Kenobi, mzee aliyeigizwa na Alec Guinness, anaacha kujikinga kwa hiari yake na kukatwa na Darth Vader, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake. Mwili unatoweka, linabaki joho tupu sakafuni. Baada ya hapo kijana Luke Skywalker anaisikia sauti yake tu. Mwaka 1980 sauti inapata sura: Luke yu hoi thelujini kwa baridi, na mzee anamtokea kumwelekeza kwa Yoda, aliyekuwa mwalimu wake yeye Obi-Wan. Mwaka 1983 sura hiyo inaketi juu ya gogo na kujibizana naye. Mwishoni mwa filamu hiyo wafu watatu wanasimama pamoja wakiitazama sherehe: Obi-Wan, Yoda, na Anakin ambaye ndiye aliyekuwa Vader. Katika toleo la mwaka 2004 aliondolewa mwigizaji Sebastian Shaw katika sehemu hiyo, akawekwa Hayden Christensen, hata Anakin akarudi akiwa kijana kuliko alivyokufa. Mwaka 2017 Yoda, marehemu, anaita radi kuuchoma mti na kumgonga Luke kwa fimbo. Mwaka 2019 Luke, ambaye sasa naye ni marehemu, anaudaka kwa mkono wake upanga uliotupwa na Rey.

Msomaji ataona mwendo wenyewe: kwanza sauti, kisha sura, kisha kiti, kisha fimbo. Kila filamu iliyofuata iliwarudishia wafu kipande cha mwili, na kwa kila kipande mauti yalipungua uzito. Kwa maoni yetu ile ya 1977 haijapata kushindwa. Kijana amekaa peke yake ndani ya chombo chake, adui yu nyuma yake, na anachopewa na mwalimu aliyekufa ni maneno machache ya kumkumbusha somo. Hajui kama anasikia au anakumbuka. Mtanzania hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na kwa miaka mingi baadaye hotuba zake zimesikika redioni katika kipindi cha Wosia wa Baba. Watu wameisikiliza sauti ile wakikubali, wakibisha, wakiguna. Hatujapata kumsikia mtu akiiita mzuka.

Turudi Temeke. Ustadi wa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili haukuzaliwa ofisini wala chuoni, bali katika vibanda vya video, ambavyo wakazi wa Dar es Salaam huviita vibanda umiza. Wasimulizi kama marehemu Lufufu walijipatia sifa kubwa kwa kazi hiyo, na mtaalamu wa Ujerumani Matthias Krings ameiandikia kwa heshima inayostahili. Msimulizi wa namna hii hatafsiri sentensi kwa sentensi. Anaeleza, anatania, anamtambulisha mhusika kwa jina la mtaani, anazijaza nafasi ambazo mzungu kanyamaza. Ofisi kama zetu zilichelewa kumsikiliza mtu huyo. Tulidhani kazi yetu ni kumsahihisha.

Jioni moja, basi, tulikwenda Tandika kuketi kwenye benchi pamoja na wengine. Msimulizi alianza na neno mzuka, na kicheko kikatokea kama kijana alivyotuonya. Sababu yake si ngumu. Katika mazungumzo ya vijana wa jiji mzuka si kitu kinachotokea makaburini. Ni hamasa, ni ile hali ya mtu aliyepandwa na furaha ya muziki au ya mpira. Mzee mwenye ndevu nyeupe kutajwa kuwa mzuka ni sawa na kusema amechangamka. Lakini baadaye kidogo msimulizi akalisahau neno lake. Yule mzee alipotokea mara ya pili, alisema tu: "Mzee karudi." Kibanda kikanyamaza. Hatudai kwamba jioni moja ni utafiti, ila tangu siku hiyo hatukuweza kuitazama orodha yetu kama tulivyokuwa tukiitazama kabla.

Tuyapime maneno yaliyopo. Jini tunaliweka kando mara moja, kwa kuwa jini hakupata kuwa mtu. Pepo humpanda mtu kichwani na kusema kwa kinywa chake, nao wafu wa filamu hizi hawampandi mtu. Kizuka kingefaa kwa maana yake ya kitu kitokeacho ghafla, lakini kizuka ni pia mjane aliye katika eda, na mfasiri mwangalifu hatapenda kumkaribisha mjane huyo mahali asipohitajika. Kivuli na roho hazina kosa kubwa. Udhaifu wake ni wa kisarufi, nao tutaugusa hivi punde. Mjumbe mmoja, kwa kuwa kazi hizi ni bunilizi za kisayansi na wafu wenyewe huonekana wakiwa na nuru ya samawati, alipendekeza taswiranuru. Neno hilo linasikika vizuri kikaoni. Tulijaribu kulitia katika kinywa cha Luke likakataa kukaa, maana hakuna mwanafunzi awezaye kumwambia taswiranuru yake, "Kwa nini hukuniambia?"

Linabaki mzimu, na hapa inafaa tukae. Neno hili lina jamaa kubwa: kuzimu, zimwi, wazimu. Lina maana mbili zinazoshikana. Mzimu ni roho ya aliyekufa, na mzimu ni mahali ambapo roho hiyo huendewa kwa tambiko. Mkazi wa Kinondoni huitamka maana ya pili kila siku bila kuiwaza, kwani Mzimuni ni jina la kata huko Magomeni, na makondakta wamelipigia kelele miaka na miaka pasipo hofu yoyote. Muhammed Said Abdulla aliijengea riwaya nzima maana hiyo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, mzimu ni mahali, na hapo ndipo maiti ya Bwana Ali inapokutwa. Bwana Msa anaanza upelelezi wake kwa kukataa kuogopa.

Basi mzimu una makao na una ukoo. Huendewa na watu wake, tena kwenye mti wake au pango lake. Wafu wa Star Wars wanaivunja kanuni hiyo pande zote mbili. Obi-Wan hana kaburi wala mwamba. Anamfuata mwanafunzi wake hadi kwenye theluji na kwenye kinamasi. Tena si baba yake wala babu yake. Kinachowaunganisha ni somo. Ukoo wao ni ule tunaouona kati ya fundi na mwanagenzi, au kati ya shehe na wanafunzi wa darasa lake, ambao huhesabu nani alisoma kwa nani hata wafike kwa mtu aliyekufa zamani. Tusilisahau hilo tunapolisifu neno mzimu kwamba ni letu.

Upo pia upatanisho wa kisarufi. Kwa umbo lake, mzimu na mizimu, neno hili huvuta viambishi vya vitu: mzimu ulisema, mizimu iliyorudi. Kadhalika kivuli kilisema, roho ilisema. Katika hadithi ya kutisha jambo hilo ni faida, maana msikilizaji hataki kujua kama kinachosema ni mtu. Katika hadithi hii ni hasara kamili. Mwalimu aliyekuwa yu- na a- katika nusu ya kwanza ya filamu, akageuka kuwa u- katika nusu ya pili, amekufa mara mbili, na mara ya pili ameuawa na mfasiri. Lugha yetu haitulazimishi hivyo. Mtume na mitume, mungu na miungu, yana umbo lile lile, na bado tunasema mtume alisema, mitume walisema.

Tatizo la wafu watokeao si geni kwa wafasiri wetu. Nyerere, katika tafsiri yake ya Julius Caesar iliyotoka mwaka 1963, alikutana na Kaizari anayemtokea Bruto usiku, na S. S. Mushi katika Makbeth ya mwaka 1968 alimkuta Banquo ameketi karamuni. Lakini wafu wa Shakespeare hao wanawarudia wauaji wao. Wanakuja kudai, na neno lolote lenye kutisha litawafaa. Obi-Wan hakumrudia Vader, alimrudia mwanafunzi. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya maneno ya kutisha yawe makosa ya tafsiri, hata yakiwa sahihi katika kamusi.

Mfano ulio karibu zaidi tunao katika fasihi yetu wenyewe. Katika riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001, babu aliyekufa anamjia mjukuu wake K, mkubwa aliyezama katika anasa za madaraka, na kumwonyesha yale aliyoyafumbia macho. Mwandishi hakuhangaika kumtafutia mfu huyo jina jipya. Alikuwa Babu, akabaki Babu. Mwanaanthropolojia Igor Kopytoff alieleza jambo la namna hiyo mwaka 1971 alipoandika juu ya Wasuku wa Kongo: kwao neno la wazee ni moja, kwa walio hai na kwa waliokufa, na wageni ndio waliolitenga neno hilo katika mafungu mawili. Nasi tunaposema wazee wetu, hatusemi kwanza ni wapi walipo.

Huenda msomaji akauliza kama heshima hiyo haitamnyamazisha Luke. Swali ni la haki, kwa kuwa sehemu nzuri kuliko zote katika filamu ya 1983 ni ile ya ugomvi. Mwaka 1977 Obi-Wan alimwambia Luke kwamba Vader alimwua baba yake. Sasa Luke anajua kwamba Vader ndiye baba yake. Mwalimu amedanganya, na kufa kwake hakukumwondolea deni. Anajitetea, kwa hoja ambayo sisi tunaiona dhaifu, kwamba ukweli hutegemea mahali mtu aliposimama. Ukimwita mfu huyo kivuli au mzuka, lawama ya Luke inapotea hewani. Nani atamlaumu mzuka kwa uongo? Ukimwita Mzee, lawama inakuwa nzito kweli, kwa sababu katika Kiswahili kumwambia mzee kwamba amedanganya ni jambo la kupiga moyo konde.

Mwenzetu mmoja, mwalimu mkongwe, hakuridhika. Alisema istilahi ni moja kwa dhana moja, na kwamba tukimruhusu mfasiri kutumia mzimu hapa, marehemu pale na mzee kwingine, tumeivunja kazi yetu. Tunamheshimu, na kwa vifaa vya maabara tungekubaliana naye bila neno. Lakini kosa tulilolitaja mwanzoni ndilo hili: tulikuwa tukitafuta jina la kitu kinachoonekana, nuru ya samawati yenye umbo la mtu, kumbe hadithi inataja uhusiano wa watu wawili ambao mmoja wao amekufa. Uhusiano huo tayari ulikuwa na jina kabla ya kifo.

Tulichokiandika mwishoni katika orodha ya kijana ni hiki. Mahali pa maelezo, ambapo hapana budi kitajwe chenyewe: mzimu, wingi mizimu, kwa upatanisho wa a- na wa-. Mahali ambapo wahusika wanamtaja asiyekuwapo: marehemu, au hayati kwa aliye na cheo, nalo ni neno zuri, kwani asili yake ya Kiarabu ni uhai. Mahali pa kuitana: jina lile lile alilokuwa akiitwa alipokuwa hai, Mwalimu au Mzee, bila ya kubadili herufi. Mzuka tumeufuta, pamoja na taswiranuru, ingawa aliyeipendekeza bado anaitetea.

Kijana alisoma, akaikunja karatasi, kisha akauliza kama anaruhusiwa kumwita Yoda Babu. Tulimjibu kwamba kwa mtu aliyefariki akiwa na umri wa miaka 900 hatuoni kizuizi.