Atherton na dakika 643 za Johannesburg

Mike Atherton alikuwa na deni. Mwishoni mwa Novemba 1995, pale Wanderers, Johannesburg, nahodha huyo wa timu ya kriketi ya Uingereza alishinda kura ya sarafu akawaachia Afrika Kusini wapige kwanza. Siku ya nne uamuzi ule ukamrudia: lengo la mikimbio 479, ambalo hakuna aliyelifikiria kwa dhati. Njia iliyobaki ni kuzuia wiketi zote kumi zisianguke kwa zaidi ya siku moja na nusu, mechi iishe sare.

Alimaliza na mikimbio 185 bila kutolewa, baada ya mipira 492 na dakika 643. Ndani ya hesabu hiyo mna fundisho. Alipiga mipira 28 hadi mpakani, kila mmoja mikimbio minne, jumla 112. Ina maana mipira mingine 464 ilimpa mikimbio 73 tu. Hapo ndipo kazi ilipofanyika.

Allan Donald na Shaun Pollock walimrushia mipira ya kasi, mingi ikilenga kifua au ikipita nje kidogo ya kigingi cha kulia kwake. Ya kifuani aliikwepa, macho hayatoki kwenye mpira, mikono imeshushwa ili gongo lisiguse kitu. Ya nje aliiacha. Kuuacha mpira si uvivu: lazima ujue kigingi chako kiko wapi bila kukitazama, nawe uamue ndani ya nusu sekunde. Uliokuja usawa wa vigingi aliusubiri hadi ufike chini ya macho, akaupokea kwa gongo, mikono laini, ili uanguke miguuni badala ya kuwarukia wadakaji.

Bahati nayo ilikuwepo. Akiwa na 99, mpira mfupi wa Donald uliruka hadi kwa Gary Kirsten, aliyesimama karibu kabisa, naye akaudondosha. Uliofuata ulikuwa mfupi tena, Atherton akauvuta hadi mpakani, akavuka mia moja. Huwa nawaambia wanaomwona mpigaji wa kujilinda kuwa mwoga wautazame mpira huo. Kosa la sekunde chache nyuma halikumfunga mikono.

Wiketi ya tano ilipoanguka kwenye 232, akaja Jack Russell, mlinda wiketi aliyekuwa ameweka rekodi ya kudaka mara 11 katika mechi hiyohiyo. Alikaa zaidi ya saa nne kwa mikimbio 29. Wawili hao walikwenda mpira kwa mpira, ova kwa ova, hadi 351 kwa wiketi tano. Sare.

Mbinu hii ilikuwa na ufa. Glenn McGrath wa Australia, aliyeweza kulenga doa moja siku nzima, alimtoa Atherton mara 19, kwa sababu mipira ya McGrath ya kuacha na ya kuzuia ilifanana mno. Tena mgongo ulimuuma karibu maisha yake yote ya uchezaji.

Aliongoza Uingereza katika mechi za testi 54, akacheza 115, akakusanya mikimbio 7,728 kwa wastani wa 37.69. Wapo wapigaji wengi wa kufungua kama yeye wenye wastani mkubwa kuliko huo. Kwa kuokoa mechi iliyokwisha kupotea, mimi namchagua yeye.